Mrejesho: Kiwanja kando ya mikoko, Kilwa

Ndugu zangu, niliuliza kama kibali cha ujenzi cha halmashauri kinatosha kujenga vyumba sita vya wageni kwenye kiwanja cha marehemu baba, kinachopakana na mikoko. Hakitoshi. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinaeleza kwamba, kwa mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira, kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine hakimruhusu mwenye mradi kuanza kazi bila cheti cha tathmini hiyo. Kifungu cha 57 nacho kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na tulipopima na mshauri wa mazingira, vyumba vinne vilikuwa ndani ya eneo hilo.

Fundi alikuwa amependekeza tukate mikoko michache. Nashukuru sikukubali, kwani humo ndimo wanamokulia kamba na samaki wanaotegemewa na majirani zangu. Mchoro mpya una vyumba vitatu tu, vyote upande wa barabara. Mshauri ameshausajili mradi, nami nasubiri majibu kabla ya kuchimba msingi.