Naomba ushauri: mume ana presha, sukari imeanza kupanda, na chungu ni kimoja kwa watu sita

Mkazi wa Kimara

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimekuwa nikisoma nyuzi za wenzangu kimya kimya kwa muda mrefu, na leo imenibidi nianzishe wa kwangu.

Mume wangu ana umri wa miaka 51. Miezi miwili iliyopita walipimwa afya kazini kwao, na yeye akakutwa na presha ya 152 kwa 96, pamoja na sukari ya 6.4 kabla hajala chochote asubuhi. Daktari alimweleza kwamba sukari hiyo haijafika 7.0, kiwango ambacho mtu huanza kuhesabiwa kuwa na kisukari, lakini pia haipo tena mahali pake. Presha ilipimwa siku nyingine mbili na ikabaki juu, hivyo ameanzishiwa kidonge kimoja kwa siku na ametakiwa kubadili ulaji.

Hilo la ulaji ndilo lililonishinda. Nyumbani tupo sita: sisi wawili, watoto watatu, wa kwanza akiwa na miaka 17 na wa mwisho 8, na mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Tanga na anaamini kwamba mchuzi usio na nazi ni maji ya kuoshea sahani. Ninafanya kazi Posta, kwa hiyo hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi mwendokasi na kurudi saa moja usiku. Bajeti yetu ya chakula ni shilingi 15,000 kwa siku, na haitaongezeka.

Nilianza vibaya. Nilifuata orodha niliyotumiwa kwenye simu, nikaingia duka kubwa na kununua mafuta ya zeituni, mbegu za chia na shayiri ya pakiti, vitu ambavyo vilimaliza pesa ya karibu wiki nzima na mpaka leo vipo kabatini. Kisha nikaamua kuchemsha kila kitu bila chumvi kabisa. Siku ya pili mama aliisukuma sahani na kusema kwamba hajalazwa wodini, na mume wangu, ambaye mbele yangu alikula bila kulalamika, nikagundua kwamba alikuwa akila chipsi mayai kituoni kabla ya kufika nyumbani.

Ninachoomba ni njia ya kupika chungu kimoja kitakachomfaa mgonjwa bila kuwafukuza wengine mezani. Chumvi nipunguze kwa kiasi gani? Dona ni lazima? Nazi niiache? Na kwa muda huu mdogo nilio nao, nipike lini?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mwanangu. Kabla ya chungu, jambo moja: kidonge asikiache hata siku atakapopimwa na kukuta presha imeshuka, kwa sababu huenda imeshuka kwa ajili ya kidonge hicho hicho. Uamuzi wa kupunguza dawa ni wa daktari wake.

Sasa chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imehesabiwa chumvi yote, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, dagaa waliotiwa chumvi na viungo vya pakiti vya kutia kwenye mchuzi. Tatizo ni kwamba hakuna mpishi anayepima chumvi kwa kijiko kila anapopika. Sisi sote tunatumia vidole. Kwa hiyo nakupa njia niliyokuwa nikiwafundisha akina mama kliniki. Nunua pakiti ya nusu kilo na uandike tarehe juu yake siku unapoifungua. Watu sita kwa gramu 5 ni gramu 30 kwa siku, kwa hiyo pakiti hiyo ikiisha kabla ya siku 16 mmekwisha kuvuka mpaka, hata kabla ya kuhesabu mkate. Kwa kuwa mkate upo, na mtoto wa miaka 8 anatakiwa kula chumvi pungufu kuliko mtu mzima, lengo lako liwe wiki tatu au zaidi. Pakiti haidanganyi na haigombani na mama mkwe.

Kosa lako lilikuwa kuikata yote kwa siku moja. Ulimi huzoea, lakini unahitaji wiki kadhaa. Punguza kidogo kidogo, uitie chakula kikikaribia kuiva badala ya mwanzoni, na pengo lake ulizibe kwa ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani na pilipili. Viungo vya pakiti viondoe jikoni, maana vingi vyake sehemu kubwa ni chumvi. Kichupa cha chumvi nacho kisikae mezani. Usihamie kwenye chumvi ya mawe isiyotiwa madini joto kwa kudhani kwamba ni ya asili, kwani mwili unayahitaji madini hayo. Na zile chumvi mbadala zenye potasiamu usimpe kabla ya kumwuliza daktari, kwa sababu pamoja na baadhi ya dawa za presha, au kwa mtu mwenye tatizo la figo, zinaweza kuleta madhara.

Mpenda Dona

Mimi nitajibu la dona. Katika kukoboa, mahindi hupoteza pumba na kiini, na humo ndimo iliyomo sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, vitamini za kundi B na mafuta yake. Kinachobaki kwenye sembe kwa sehemu kubwa ni wanga mtupu, ambao humeng'enywa haraka zaidi.

Hata hivyo, usinunue dona lolote lile. Kwa kuwa linasagwa na kila kitu chake, mahindi yakiwa na ukungu, sumukuvu yote huingia kwenye unga, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mimi hununua mahindi Tandale, nikayamwaga kwenye ungo na kuondoa yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu, kisha nikasaga mashine ya mtaani kwetu kiasi cha wiki mbili tu, kwa sababu mafuta ya kiini hufanya unga uchache mapema. Kwa watoto, anza kwa kuchanganya nusu kwa nusu na sembe.

Dereva wa Mbagala

Naomba kuongezea hapo, kwa heshima. Nilipoambiwa nina sukari, nilihamia kwenye dona na kuendelea kula mlima ule ule, na sukari haikushuka. Dona bado ni wanga. Kilichonisaidia ni ugali kuwa wa ukubwa wa ngumi yangu, na soda kuiacha kabisa. Chupa moja ya mililita 350 huwa na sukari ya takriban gramu 35, yaani karibu vijiko tisa vya chai, na mimi nilikuwa nikinywa mbili kwa siku kwenye foleni.

Kuhusu mumeo, dada, usimgombeze kwa chipsi kabla hujamwuliza anakula nini mchana. Mimi nilikuwa nikishinda na chai na chapati mbili, kwa hiyo saa kumi na moja jioni hata ungeniletea kuni za kukaanga ningekula. Mfungie mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, yai moja la kuchemsha na chungwa. Chungwa alile lenyewe. Asikamue juisi, kwa sababu akikamua atakunywa sukari ya machungwa manne na kuacha nyuzinyuzi zote jalalani.

Mama Lishe wa Ilala

Dada yangu, mimi ninapika kwa sufuria kubwa kila siku na nina wateja wa presha wengi kuliko unavyodhani, kwa hiyo niruhusu niseme kwa kirefu.

Kupika kila siku ukirudi saa moja usiku hutaweza, na siku utakapochoka ndiyo siku mtakayokula chipsi. Pika maharage Jumapili na Jumatano. Yaloweke usiku, asubuhi yamwage maji yale, weka mapya, na yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza kabla ya kupunguza moto, kwa sababu maharage ambayo hayajaiva vizuri yanaumiza tumbo vibaya. Yakiiva, yasitiwe chumvi wala mafuta. Yagawe kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja na uvigandishe kwenye friji. Unaporudi, unakaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha mafuta, unamwaga kikopo, na baada ya dakika 15 mnakula. Badilisha na choroko, ambazo huiva haraka na kuokoa gesi, au kunde na mbaazi.

Mafuta pima kwa kijiko cha chakula. Ukimimina kutoka kwenye dumu, jicho linakudanganya. Na mafuta yaliyokwisha kukaangia usiyarudie rudie. Hapo ndipo chipsi za kituoni zinaponitisha mimi kuliko viazi vyenyewe.

Mboga za majani ndizo rahisi kuliko vyote, tena ndizo tunazoziua. Mchicha, matembele na majani ya maboga yanahitaji dakika chache tu. Osha kwanza ndipo ukate, na usimwage maji uliyochemshia. Kisamvu pekee ndicho usikifanyie haraka: lazima kitwangwe na kichemshwe kweli kweli, kwa sababu kibichi kina sumu. Matunda na mboga kwa pamoja vinatakiwa kufika angalau gramu 400 kwa mtu kwa siku, na kwa bajeti yako hilo linawezekana ukienda Mabibo au Ilala mara moja kwa wiki badala ya kununua kwa mafungu gengeni. Unapopakua, anza na mboga mpaka zijaze nusu ya sahani, kisha maharage au samaki robo, na ugali au wali uchukue robo iliyobaki. Ukianza na ugali, mboga itakosa nafasi. Nimeliona hilo kila siku kwa miaka.

Sasa nazi. Tui lina mafuta mengi ya aina ambayo mgonjwa wa presha anashauriwa kuyapunguza, lakini kumwambia mtu wa Tanga aache nazi ni kutafuta vita. Weka sheria moja: siku ya nazi hakuna mafuta mengine sufuriani, na utumie tui jepesi. Siku nyingine mwombe mama mwenyewe awapikie samaki wa chukuchuku. Ni chakula cha kwao, hakina nazi wala tone la mafuta, na ndimu, nyanya na pilipili vikikaa sawasawa hakuna atakayekumbuka chumvi. Vibua wa Feri ukiwahi asubuhi hawana bei mbaya. Ukipika wewe ataita chakula cha mgonjwa. Akipika yeye ni chakula cha nyumbani.

Mkazi wa Kimara

Shikamoo mama muuguzi, na ninyi nyote asanteni sana. Ninarudi baada ya wiki nne kama deni.

Pakiti ya kwanza ya chumvi iliisha siku ya 11, na niliona aibu, kwa sababu nilijihesabu kuwa mpishi wa chumvi kidogo. Ya pili imefika siku ya 17 na bado ipo. Kijana wangu wa miaka 17 ndiye anayechambua mahindi, kwa malalamiko, na tumeanza na nusu dona nusu sembe. Mdogo wake aliuliza mara moja tu kwa nini ugali una rangi ya udongo. Mihogo ya kufunga imemsaidia baba yao, ingawa Jumamosi bado anapita kwenye chipsi na amekiri mwenyewe. Presha juzi ilikuwa 138 kwa 88. Kidonge anaendelea nacho.

Kuhusu chukuchuku, nilifanya kama nilivyoelekezwa. Nilimwambia mama kwamba nimejaribu nikashindwa, naye akanitoa jikoni. Sasa Ijumaa ni yake, haruhusu mtu kugusa sufuria, na amenieleza kwa ukali kwamba watu wa Dar mnatia mafuta kwenye kila kitu kwa sababu hamjui kuchagua samaki.

Swali limebaki moja. Amenunua unga wa uji wa lishe wenye mahindi, mchele, ulezi, ngano, soya na karanga, na anataka mume wangu na mtoto wa mwisho waunywe kila asubuhi. Je, unafaa?

Muuguzi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hiyo 138 imenifurahisha, lakini mpime kwa wiki kadhaa, siku na saa tofauti, na umwandikie kwenye daftari la kwenda nalo kliniki.

Huo unga mwambie mama kwa upole kwamba ungefaa zaidi kama usingekuwa na mambo mengi. Soya ambayo haikupata moto wa kutosha humzuia mtu kumeng'enya protini vizuri, na inahitaji muda mrefu jikoni kuliko mchele ulio kwenye pakiti hiyo hiyo, kwa hiyo kimoja huiva na kingine hubaki. Karanga zilizosagwa huwezi kujua kama zilikuwa na ukungu. Na kwa mumeo, nafaka nne kwenye kikombe kimoja bado ni wanga juu ya wanga. Achukue ulezi peke yake, aupike mpaka uive, atie maziwa badala ya sukari, na kikombe kiwe kimoja. Mtoto anaweza kuongezewa karanga ambazo wewe mwenyewe umezichambua, kuzikaanga na kuzisaga. Chai ya rangi waisogeze mbali na mlo, kwa sababu inapunguza madini ya chuma yanayotoka kwenye mboga na maharage mliyohangaika kuyapika.

Na huo unga uliokwisha kununuliwa, kama haujafunguliwa, dukani wanaweza kukubadilishia na ulezi.