Guitar Center au Thomann: kinanda cha kwaya ninunue wapi?

Kengele_88: Wakuu, niko Houston, kwaya imenituma kinanda. Nimebakiza maduka mawili ya ala za muziki: Guitar Center ya hapa Marekani, au niagize Thomann ya Ujerumani. Nasikia Guitar Center ilifilisika. Kuna usalama hapo?

FundiAmpu: Mkuu, mbona hujasema kitu? Bajeti ni kiasi gani? Kitapigwa Houston au kitasafirishwa? Kina spika zake au kinahitaji amplifaya?

MwanaBesi: Akijibu hayo, tuweke sawa neno "ilifilisika". Novemba 2020 Guitar Center iliomba ulinzi wa mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, yaani kupanga upya madeni. Maduka yaliendelea kuuza, na Desemba ikatoka. Mzizi wake ni 2007: Bain Capital, kampuni ya uwekezaji, iliinunua kwa takriban dola bilioni 2.1, sehemu kubwa mkopo, na mkopo ule akabebeshwa aliyenunuliwa. Faida ya gitaa moja ni ndogo. Riba ikishachukua chake, fedha za kujaza bidhaa na kuweka mafundi wazuri zinapungua. Ares, kampuni nyingine ya uwekezaji, ikashika usukani 2014, deni likabaki zito, kisha ikaja corona. Mpango wa 2020 ulifuta karibu dola milioni 800.

Solfa_Tanga: Inauma, maana duka lile lilizaliwa na vinanda. Wayne Mitchell alilifungua Hollywood 1959 kwa jina The Organ Center, akiuzia nyumba na makanisa. Miaka ya 60 zikaingia amplifaya za Vox, jina likawa The Vox Center, na magitaa yakatawala. Thomann ilianza 1954 kijijini Treppendorf, Bavaria, na bado iko mikononi mwa familia. Mimi naagiza huko.

MwanaBesi: Familia siyo kinga. Sam Ash, maduka mengine ya ala ya Marekani, ilianza Brooklyn 1924, ikabaki ya familia karne nzima, na 2024 ikafunga maduka yote. Jina likanunuliwa na Gonher, kampuni ya ala ya Mexico.

Kengele_88: Samahani wakuu. Dola 900, kinaenda Arusha. Na amplifaya humo humo.

FundiAmpu: Sasa swali limebadilika, ni la umeme kuliko la duka. Kinanda chenye adapta ya nje hakina shida: soma lebo, ikiwa INPUT 100–240V 50/60Hz, badilisha plagi tu. Amplifaya ndiyo hatari. Ya Marekani ikiandikwa 120V 60Hz, Arusha utaipa 230V 50Hz.

Mama_Alto: Hili msilipite haraka. Kwaya moja ililetewa amplifaya ya 120V kutoka duka kubwa la huko. Wakaweka kile kiplagi cha kubadilisha pini, wakidhani kinapunguza umeme. Hakipunguzi hata volti moja. Fyuzi ikakatika, na hapo ilikuwa imefanya kazi yake. Kijana wa mitambo akaweka fyuzi kubwa zaidi. Dakika chache baadaye harufu, transfoma imeungua. Dhamana ilikuwa ya Marekani tu, na gharama ya kuirudisha ingezidi bei yake. Duka halikuwa na kosa lolote.

Solfa_Tanga: Ndiyo maana nasema Thomann, vyao ni 230V. Na ukisafirisha nje ya Umoja wa Ulaya, VAT ya 19% inaondolewa.

FundiAmpu: Lakini forodha ya Tanzania inabaki, na bado atasafirisha spika nzito kutoka Ujerumani. Kinanda anunue Houston akijaribu kila kitufe, amplifaya anunue nyumbani.

MwanaBesi: Transfoma ya kushusha umeme je? Amplifaya ikila wati 200, chukua ya 500.

FundiAmpu: Inashusha volti, 50Hz inabaki palepale. Transfoma iliyosukwa kwa 60Hz pekee itavuma na kupata joto, hasa ibada ya saa tatu.

Kengele_88: Kesho napita dukani kusoma lebo. Kwaya inauliza na gitaa la besi, Harley Benton, chapa ya Thomann, inafaa?

MwanaBesi: Nyuzi nne au tano? Ya tano, uliza kwanza urefu wa skeli, yaani sehemu ya uzi inayotetema. Ikiwa fupi, uzi wa B unalegea.

Solfa_Tanga: Nne zinatosha kwaya.

MwanaBesi: Hazitoshi wimbo ukiwa kwenye E flati, maana uzi mzito wa nne unaishia E.