SS mwenye maumivu chini ya mbavu za kulia, sasa ameongeza kichomi: tuanze na tumbo au kifua?

Nduguye_SS
Habari wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 19, kilo 52, ana selimundu (SS). Wiki ya tatu sasa, kama saa moja baada ya kula chipsi au nyama ya kukaanga, anaumwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yanapanda hadi bega la kulia, kisha anatapika. Omeprazoli ya siku kumi imepunguza kiungulia tu. Tangu juzi ana kichomi upande huohuo: akivuta pumzi ndefu, inakatika katikati. Jana usiku joto lilikuwa 38.6, na macho ni njano kuliko ilivyo kawaida yake. Anatumia foliki asidi 5 mg kila siku, maumivu yakizidi anameza diklofenaki. Haidroksiyurea (dawa ya kupunguza mashambulio ya selimundu) hajaanza. Tuanze na ultrasaundi ya tumbo au picha ya kifua?

Zamu_ya_Usiku
Pole sana, ndugu. Homa na kichomi kwa SS si jambo la kungoja asubuhi. Mpeleke leo hospitali yenye oksijeni na benki ya damu, zahanati haitamtosha. Kifua kwanza, tumbo lifuate hukohuko.

Huenda yote mawili yana mzizi mmoja. Chembe nyekundu za SS huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo bilirubini (rangi ya njano inayotoka chembe zikivunjika) inamwagika mfululizo na kuganda vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Mafuta yakifika tumboni kifuko hujikamua, ndipo maumivu ya baada ya chipsi. Sasa angalia kinachofuata: mbavu zikiuma, mgonjwa anavuta pumzi fupifupi. Sehemu ya chini ya pafu inanywea, oksijeni inashuka, chembe zinazidi kujikunja mundu na kuziba mishipa ya pafu. Hilo ndilo shambulio la kifua la selimundu, na linaua haraka.

Duka lolote la dawa lenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni litakusaidia mkiwa njiani. Kidole cha baridi hudanganya: kisugue kipate joto, asitikisike, subiri namba itulie nusu dakika. Picha ya kifua ya siku ya kwanza inaweza kutoka safi kabisa. Isiwatoe wodini, homa au upungufu wa oksijeni ukiendelea, irudiwe ndani ya siku moja au mbili.

Mezani_Maabara
Naongezea upande wa damu. Ombeni picha kamili ya damu pamoja na retikulosaiti (chembe nyekundu changa), vipimo vya ini, lipase (ya kongosho), kreatinini (ya figo), malaria, na kundi la damu pamoja na ulinganisho, ili chupa iwe tayari ikihitajika.

Bilirubini jumla pekee haisemi kitu, maana kwa SS huwa juu siku zote. Itazameni ile iliyokwisha kupita kwenye ini: ikipanda sana, mkojo ukawa kama chai ya rangi na choo kikapauka, fikirieni kijiwe kilichonasa kwenye njia ya nyongo, au ini lenyewe. Wingi wa damu nao ulinganishwe na wa kwake wa kawaida, si wa mtu mzima asiye na selimundu. Ukishuka kwa gramu 2 kwa desilita au zaidi, bandama na ini vipapaswe upya kuona kama vimevimba.

Ultrasaundi ya nyongo huonekana vizuri akiwa hajala saa 6 hivi. Ila msimzuie kwenda hospitali kwa sababu ya kufunga huko.

Nduguye_SS
Asanteni mno. Tumepima: oksijeni asilimia 91, mapigo 118 kwa dakika. Tunaondoka sasa hivi. Mama anasema apewe dripu nyingi zisafishe damu, ni sawa?

Dirisha_la_Dawa
91 mwambieni muuguzi mlangoni kabla hata ya kuandikisha jina.

Dripu nyingi hapana, shikamoo yake mama. Maji yakizidi hukimbilia mapafuni, na hapo ndipo penye tatizo. Kwa kilo 52, ya mdomoni na ya mshipani kwa pamoja ni kama lita 2 kwa siku, daktari ndiye wa kurekebisha. Andikeni kila kinachoingia na mkojo unaotoka.

Diklofenaki iacheni: inachoma tumbo na kuumiza figo. Hospitali wakitoa mofini msiiogope, inatosha pale anapoweza kuvuta pumzi ndefu bila kusinzia. Akisinzia sana, mwite muuguzi. Antibayotiki ya seftriaksoni hutumika sana hapa pamoja na nyingine, azithromaisini, lakini seftriaksoni huweza kuacha tope kwenye kifuko cha nyongo, hivyo mpimaji wa ultrasaundi ajue imeanza lini. Mkojo ukigeuka mweusi ghafla baada ya sindano, semeni papo hapo.

Kazi yenu kitandani: aketi wima, akumbatie mto kwenye mbavu zinazouma, avute pumzi ndefu 10 kila saa 2 akiwa macho, kila moja aishikilie sekunde 3.

Vijiwe vikithibitishwa, upasuaji wa kifuko hufanywa kifua kikishapona, na kwa kawaida huongezewa damu kwanza hadi wingi wake ufike karibu gramu 10 kwa desilita. Kabla ya ruhusa ulizeni haidroksiyurea, na muandikiwe kwenye kadi wingi wa damu na oksijeni yake ya siku akiwa mzima.