Natumwa Kuwait miezi tisa, baba mtoto anasema "ukirudi tutaona"

MamaBinti_NC
Habarini za humu wadau, hasa mlioko jeshini huku Marekani. Mimi niko North Carolina, Fort Bragg, niliingia jeshi kwa grini kadi huu mwaka wa nne. Nina binti wa miaka 6, mimi na baba yake tuliachana, yeye yuko Raleigh, mahakama iliamua mtoto akae kwangu na yeye anamchukua wikendi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo. Sasa juzi oda imetoka, Kuwait miezi 9. Kwenye ile fomu ya jeshi ya mpango wa malezi nimemwandika mdogo wangu wa Charlotte, na mama alikuwa aje kutoka Tanga kusaidia, nikajua kazi imeisha. Jana nampigia baba mtoto kumtaarifu, akanijibu kwa upole kabisa, "mimi baba yake nipo hai, huyo mdogo wako wa nini?" halafu akamalizia eti nikirudi tutaona maana mtoto atakuwa ashazoea shule ya huko. Hiyo "tutaona" sijalala. Jamani anaweza kumchukua mazima kisa mimi nimetumwa kazi?

Sajini_Mstaafu
Dada pole. Kwanza nikutoe hapo kwenye fomu maana wengi tunaponzwa nayo. Ile 5305 ni kati yako na kamanda wako, jeshi linataka tu lijue ukiitwa unaondoka na mtoto ana pa kukaa. Jaji haimfungi hata kidogo. Ukimwandika mdogo wako na baba yupo na ana haki zake mahakamani, baba akienda na oda ya mahakama mdogo wako atabaki ameshika karatasi tu. Hata hati ya uwakala ya pale ofisi ya sheria kambini haitoshi kama baba naye ana sehemu yake ya malezi.

Ila una bahati uko North Carolina. Tangu 2013 kuna sheria ya wazazi wanaotumwa na jeshi, inahusu safari ya zaidi ya siku 90 na chini ya miezi 18, kwa hiyo yako imo. Mpe baba taarifa KWA MAANDISHI ndani ya siku 7 tangu upate oda, simu ya jana usiitegemee. Kisha kaeni muandike makubaliano ya muda, asaini yeye, usaini wewe, na mama mdogo naye asaini kama mnampa siku zake, na iandikwe wazi kwamba yanakwisha ukirudi. Akikataa unaomba mahakama isikilize haraka kabla hujaondoka. Na sikiliza hii, ukiwa huko nje mahakama haiwezi kutoa amri ya kudumu bila wewe kuridhia, ni ya muda tu. Hiyo "tutaona" yake isikutishe sana.

Baba_Wawili
Mi naomba niseme upande wa pili msinirukie. Mimi ndio nilibaki na watoto mama yao alipotumwa, na kitu kilichoniuma ni kusikia watoto watapelekwa kwa mama mkubwa wao mimi nikiwa dakika arobaini tu kutoka pale. Umemwambia jamaa habari ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa, ndo maana kakujibu hivyo. Mtoto alale kwa baba yake, mdogo wako apewe zile siku chache za upande wenu ili asipoteze ndugu zake, sheria hiyo anayosema sajini inaruhusu ndugu wa karibu apewe. Na mama wa Tanga, viza ya matembezi kwa kawaida wanagonga miezi 6, wewe unaenda 9, hiyo hesabu uliipigaje?

DadaKoplo_TX
Baba Wawili umeongea ukweli ila ungepunguza makali kidogo 😅 Niongezee tu kwamba sheria ya North Carolina si ya Marekani yote, huku Texas tuna utaratibu wetu, mwingine asije akasoma hapa akaenda kichwa kichwa. Ya nchi nzima ni ile SCRA ya kuwalinda wanajeshi. Akikufungulia kesi ukiwa Kuwait unaomba isimame angalau siku 90, unapeleka barua yako ya kueleza kwa nini kazi inakuzuia kufika na barua ya kamanda kwamba likizo hupewi, zote mbili, moja haitoshi. Na kutumwa kwako peke yake hakuwezi kuwa ndio sababu ya kukunyang'anya mtoto.

Jingine la simu. Kwenye makubaliano yangu tuliandika "video saa kumi na mbili jioni" bila kusema jioni ya nani. Saa za Kuwait ni sawasawa na za Dar, kwa hiyo kwenu ikiwa saa kumi na mbili jioni huko ni saa saba usiku, na Novemba Marekani wakigeuza saa inakuwa saa nane. Nilikuwa naongea na mwanangu nimejifunika blanketi kichwani nisiamshe wenzangu. Andika asubuhi kabla ya basi la shule, au akishuka tu.

MamaBinti_NC
Asanteni sana, na Baba Wawili nimekusikia, kweli nilikosea kumpa taarifa kama tangazo. Leo nimemtumia kwa emeili nikiambatanisha tarehe, nikamwambia mtoto atakaa kwako, wikendi moja kwa mwezi kwa mama mdogo, nikitua anarudi kwangu. Wakili wa kambini anatusaidia kuandika ila kasema mahakamani hataenda na mimi, hiyo natafuta wa kulipa. Baba mtoto hajasema ndiyo. Kauliza tu siku hizi asubuhi anakunywa uji au bado ni ile chai ya maziwa na maandazi.

Baba_Wawili
Huyo anasaini. Mtumie na vipimo vya sukari.