Naomba ushauri: natoka Mac ya Intel kwenda ya M4, je, sesheni zangu za kwaya zitafunguka?

Kinubi_Mwanza

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi, nimeona niliweke hapa kabla sijatumia hela.

Nina studio ndogo hapa Mwanza, narekodi zaidi kwaya za makanisa. Kompyuta yangu ni iMac ya mwishoni mwa 2013, programu ninayotumia ni Reaper. Mfumo wa Mac (macOS) nimeuacha kwenye toleo la Mojave tangu 2019, kwa sababu nilionywa kwamba nikipanda toleo la Catalina, plagini zangu (programu ndogo za kupamba sauti ndani ya Reaper) za aina ya zamani ya biti 32 zote zitakufa. Kadi ya sauti ni ya FireWire, ule muunganisho wa zamani, ina njia nane, naiunganisha kwa kile kiadapta cheupe cha Thunderbolt.

Sasa iMac imeanza kujizima yenyewe. Jumamosi iliyopita kwaya ya watu 38 wamepanda kiitikio cha mwisho, kioo kikawa cheusi. Fundi kaipima, anasema mazabodi imechoka. Mdogo wangu wa kike anafanya kazi Muscat, anarudi Desemba, ameahidi kunibebea Mac mini ya M4, zile zenye chipu za Apple wenyewe badala ya Intel.

Hofu yangu ni hii: nina sesheni 212, yaani mafaili ya kazi za Reaper, kwenye diski mbili. Humo kuna sauti ya mwalimu wangu wa kwaya, aliyefariki 2017. Aliniachia nyimbo kumi na moja alizoimba sauti ya kuongoza, na hatujazitoa hadi leo. Mwangwi niliomuwekea ulinichukua karibu wiki mbili kuupata, na plagini yenyewe iliyotengeneza mwangwi ule haiuzwi tena popote.

Nauliza: hiyo Rosetta, ya Apple ya kutafsiri programu za Intel ziende kwenye chipu mpya, inafungua kila kitu kama watu wanavyosema? Kadi yangu itasomeka? Au nitafute Mac ya Intel ya 2019 au 2020 ya mtumba nibaki nilipo?

Baharini_001

Nunua M4 ndugu yangu, usijitese. Mie niko Mombasa, nahariri video za harusi kwa M1 tangu 2021. Programu yangu moja ya vichwa vya maandishi mpaka leo ni ya Intel. Mara ya kwanza kuifungua iliniuliza kama niweke Rosetta, nikakubali, basi. Sikuona tofauti. Kazi iliyokuwa ikinikalisha mpaka alfajiri sasa namaliza kabla ya isha.

Mzee_wa_Traki

Baharini, kwa video zako sawa. Lakini huyu kijana ana vitu vya zamani sana, msimtie moyo kwa jambo ambalo litamuumiza.

Niko Nairobi, na nimepitia uhamaji huu mara mbili. Apple walipotoka chipu za PowerPC kwenda Intel mwaka 2006 walileta Rosetta ya kwanza. Programu zetu zikafanya kazi vizuri, tukasahau kabisa kwamba zinatafsiriwa. Mwaka 2011 likaja toleo la mfumo la Lion, Rosetta haimo. Nilikuwa na kazi za miaka sita nilizofanya kwa programu ambayo wenye nayo hawakuitengenezea toleo la Intel. Mafaili yapo mpaka leo, naona majina yake, lakini sina cha kuyafungulia.

Hii Rosetta ya pili nayo imeshawekewa mwisho. Juni 2025 Apple walisema itaendelea kwa ukamilifu hadi macOS 27, baada ya hapo itabaki kwa ajili ya michezo fulani ya zamani tu. Kwa hiyo kijana wangu, Rosetta ichukulie kama muda umepewa wa kuhamisha mizigo. Usihamie humo.

Na Intel ya mtumba usinunue. Tahoe, yaani macOS 26, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, na hata hiyo inakubali chache tu.

fundi_sauti_Tanga

Kaka Kinubi, pole kwa msiba wa mwalimu, na pole kwa kuzimikiwa katikati ya kazi. Mimi nilihama mwaka juzi kutoka Intel kwenda M2, natumia Reaper kama wewe. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu umechanganya mambo matatu ambayo kila moja lina dawa yake.

La kwanza, biti 32. Hili halihusiani na chipu mpya. Biti 32 ilizikwa na Catalina mwaka 2019, kwenye Mac za Intel hizo hizo. Rosetta inatafsiri programu za Intel za biti 64 peke yake. Kwa hiyo plagini ya biti 32 haitaamka kwenye M4 kwa namna yoyote ile, na kwenye ile Intel ya mtumba yenye mfumo mpya haitaamka pia.

La pili, plagini za Intel za biti 64. Hapa una bahati kuwa uko Reaper. Kwenye programu nyingi za kurekodi plagini na programu yenyewe lazima ziwe za aina moja, kwa hiyo ukitaka plagini ya Intel inabidi uendeshe programu nzima ndani ya Rosetta. Reaper ya chipu mpya inaweza kuiweka plagini ya Intel pembeni, ikaiendesha kama kazi tofauti, huku yenyewe inakwenda kwa lugha ya M4. Mimi nina kompresa mbili (plagini za kubana sauti) za namna hiyo mpaka sasa.

Utajuaje ipi ni ipi? Fungua Terminal, ile programu ya Mac ya kuandikia amri, andika neno file, acha nafasi, kisha buruta faili la plagini lililo ndani ya folda ya Contents/MacOS. Ikijibu i386 peke yake, hiyo ni biti 32, imekwisha. Ikijibu x86_64, itahitaji Rosetta. Ukiona na arm64 humo, lala usingizi.

Usizipime zote, pima zile unazotumia tu. Faili la sesheni ya Reaper, lenye .RPP mwishoni, ni maandishi matupu. Lifungue kwa TextEdit utaona mistari inayoanza na <VST au <AU na jina la plagini limeandikwa pale pale. Mimi nilizipitia sesheni zangu zote kwa siku mbili. Nilidhani natumia plagini sitini, kumbe ni kumi na tisa.

La tatu, na hili ndilo gumu: kadi. Rosetta haigusi draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa) zinazoingia kwenye kiini cha mfumo. Draiva ya kadi yako lazima iwe imeandikwa upya kwa chipu mpya na kampuni yenyewe. Kama toleo lake la mwisho ni la zamani, hesabu kadi hiyo imestaafu. Isitoshe Tahoe imeondoa FireWire kabisa. Tafuta kadi ya USB ambayo haihitaji draiva, ile unachomeka na Mac inaitambua yenyewe. Uliza neno hilo hilo dukani, na wakuchomekee uone kabla hujalipa.

Sasa kazi ya kufanya kabla ya Desemba, wakati iMac bado inawaka. Kila wimbo wenye thamani, toa traki mojamoja kuwa WAV, yaani faili la sauti tupu, zote zianzie sekunde sifuri ili zipangike popote utakapoziweka. Toa mara mbili: kavu bila plagini yoyote, na iliyopikwa na plagini zake zote. Anza na mwalimu, usiku wa leo. WAV haijui Intel wala M4.

MamaWawili

Nyongeza ndogo kaka. Kama una mpango wa kutumia kioo cha hiyo iMac kwa Mac mini, usiuhesabu. Ile njia ya kuigeuza iMac kuwa kioo haikubali Mac za chipu mpya. Na M4 mini haina tundu la USB la kawaida, ni zile za USB-C tu, kwa hiyo weka bajeti ya kioo na kiadapta. Mwambie mdogo wako aangalie Muscat kabla hajapanda ndege.

Kinubi_Mwanza

Mzee, fundi, dada, nawashukuru mno. Nimekesha.

Kompyuta nimeiwekea feni ya mezani nyuma, ikakaa saa nne bila kuzima. Nyimbo zote kumi na moja za mwalimu zimetoka, kavu na zilizopikwa, kwenye diski mbili, na nakala moja ipo kwa katibu wa kwaya. Halafu nimepima plagini za sesheni zake. Saba, nne kati yake ni za Reaper yenyewe. Kompresa imejibu x86_64. Kisawazisho cha zamani kimejibu i386, hicho sikisikitikii. Lakini mwangwi nao ni i386.

Ninayo WAV yenye mwangwi, ni kweli. Ila ule uwiano niliuweka kwa spika mbovu za wakati ule, nilitaka siku moja niupunguze. Na kuna nyimbo mbili hakuwahi kuzirudia, nataka kwaya iimbe naye ndani ya mwangwi ule ule. Hapo hakuna njia?

fundi_sauti_Tanga

Ipo kaka, na uifanye wakati iMac ingali hai.

Tengeneza traki tupu, weka mlio mmoja mfupi sana, tone moja tu la sauti kama kubofya. Juu yake weka ile plagini na mpangilio wa mwalimu vilevile, lakini sauti kavu uifunge kabisa, ubaki mwangwi mtupu. Toa WAV, acha mkia uishe wenyewe, usiukate. Hiyo WAV ndiyo alama ya chumba chote. Kwenye M4 fungua ReaVerb inayokuja na Reaper, ipe faili hilo, na kila sauti utakayopitisha itaingia chumba kile kile. Kama mwangwi wenu ulikuwa na ile hali ya kuyumbayumba ndani yake, huko kuyumba hakutakuja. Kama ulikuwa umetulia, hutautofautisha.

Mzee_wa_Traki

Fundi, hilo ningelijua 2011.

Kinubi_Mwanza

Nimefanya. Mkia una urefu wa sekunde tatu na nusu. Nimeuweka ReaVerb hapa hapa kwenye iMac ili nilinganishe, upande mmoja plagini ya zamani, upande mwingine hiyo WAV, sauti ya mwalimu kavu ikipita. Nimemwita mke wangu asikilize akiwa ameipa kompyuta mgongo. Amechagua mara tano, amekosea tatu.

Kesho nahamia sesheni za 2014. Fundi, hiyo kadi ya USB isiyohitaji draiva, wewe Tanga uliipata yenye njia nane au uliunganisha mbili?