Mjamzito anaharisha, nyumbani kuna maji ya kisima tu: ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) nichanganye vipi?

WifiWaKisauni: Asalaam aleikum. Wifi yangu ana mimba ya miezi sita. Tangu jana anaharisha maji matupu, na kichefuchefu juu. Homa hana, damu hakuna. Bomba limekauka, tunatumia ya kisima, yana chumvichumvi. Madafu yatamtosha?

NesiLikoni: Waleikum salaam. Madafu anywe akiyatamani, ila yasishike nafasi ya ORS: yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na anayeharisha hupoteza sodiamu kwa wingi.

Maji ya kisima hapo usiyaguse. Ukiyachemsha unaua vijidudu tu. Chumvi inabaki, tena inakolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Nunua mtungi wa maji ya kunywa. Kisha soma pakiti, kwani ipo ya nusu lita na ipo ya lita nzima. Ya lita ukiimimina kwenye nusu lita, chumvi inazidi na hali inaweza kuharibika zaidi.

Anywe funda mojamoja. Glasi nzima kwa mkupuo itarudi. Akitapika, apumzike dakika 10, aanze tena polepole. Kila akitoka chooni, ml 200 hadi 400. ORS iliyochanganywa ikikaa saa 24, mwaga.

MuuzaDawa_Mvita: Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikwanguliwe juu viwe sawa. Hiyo nusu ndiyo huwaponyoka watu.

Vidonge vya kufunga tumbo asinunue kiholela, na dawa yenye bismuth subsalicylate aiache kabisa, ni ya jamii ya aspirini. Akiwa anameza vidonge vya madini ya chuma vya kliniki, choo cheusi kisiwatishe. Kikinata kama lami, hapo twendeni hospitali.

WifiWaKisauni: Shukran. Na chakula?

NesiLikoni: Ubwabwa laini, ndizi mbivu, uji mwepesi. Viazi karai na achari vimsubiri.

Lakini usingoje kesho ukiona haya: damu, homa (apimwe na malaria), choo kama maji ya mchele, kila anachokunywa kinarudi, kizunguzungu akisimama, au mkojo umekuwa haba na mweusi. Tumbo likikaza na kuachia kwa vipindi, au mtoto akipunguza kucheza, mpeleke moja kwa moja penye wodi ya wazazi, hata kama kuharisha kumekoma. Na bila hayo yote, siku mbili zikipita hajapata nafuu, aonwe.