Nimevuka Kasumulu kwa baiskeli bila maandalizi, nimekwama Karonga. Niendelee au nirudi?

Kijana wa Uyole

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa gesti hapa Karonga, Malawi. Baiskeli nimeiegemeza kwenye kitanda kwa sababu mwenye gesti amesema ikilala nje asilaumiwe. Najua mtacheka. Chekeni, mkimaliza mnishauri.

Nina miaka 27, nauza vifaa vya simu Uyole, Mbeya. Mwezi wa nne nilinunua baiskeli ya mtumba, ile ya matairi membamba na gia 21, nikawa naendea dukani na kurudi. Jumapili najitutumua hadi Igawilo. Mazoezi yangu yaliishia hapo. Halafu usiku mmoja nikafungua ramani kwenye simu, nikaona Ziwa Nyasa limelala pale kama ndizi, nikasema hili si nalizunguka tu? Kyela, Karonga, Nkhata Bay, Mangochi, naingia Msumbiji, natokea Songea, huyo Mbeya. Kidole kilimaliza safari kwa sekunde tano. Sikumwambia mtu ila mdogo wangu anayeshika duka.

Jumamosi alfajiri nikaondoka. Begi, blanketi, sufuria, dumu la maji la lita 5, vyote nikavifunga kwenye keria ya nyuma kwa mipira. Kama kilo 25 hivi. Kutoka Uyole kupanda hadi Isyonje nilisukuma zaidi kuliko nilivyopanda. Tukuyu kushuka Kyela ilikuwa raha mpaka breki zikaanza kunuka mpira. Nikalala Kyela.

Jumapili nikavuka daraja la Songwe pale mpakani Kasumulu, muhuri ukagongwa, simu ikajirudisha nyuma saa moja. Nikaona nimepewa saa ya bure! Nikakaa kula wali na samaki, nikashuka ziwani kuoga, nikapiga picha. Kumbe saa inarudi lakini jua halirudi: kwa saa zao linazama kama saa kumi na moja na nusu. Giza likanikuta barabarani, taa sina. Kabla ya kuingia mjini nikasikia "ting". Baada ya dakika chache "ting" nyingine. Spoku mbili za nyuma. Ringi ikaanza kucheza kama mlevi, ikawa inagusa breki kila mzunguko. Nimeingia Karonga kwa miguu.

Hali ya sasa: magoti yote mawili yanauma kwa mbele. Kwacha nilizonazo ni za siku tatu, hela nyingine iko kwenye laini ya Tanzania ambayo hapa haishiki kabisa. Tairi la nyuma limechanika kidogo ubavuni. Leo nimenunua jingine sokoni, limeandikwa 28 na langu limeandikwa 28, likagoma kukaa. Mwenye duka anasema ringi yangu ndiyo mbovu. Na mama anajua niko Tukuyu kwa shangazi.

Niendelee au nirudi? Nawasilisha.

Pilipili Mbuzi

Mkuu, Uyole kwenda Igawilo halafu moja kwa moja Msumbiji? Hujapitia hata Chimala kwanza uone? 😂😂 Pole lakini. Nakaa mkao wa kula.

Fundi wa Mwanjelwa

Dogo, pole. Achana na wanaocheka, tuanze na chuma.

Mwenye duka hajakudanganya kwa makusudi. 28 ziko mbili. Angalia ubavuni mwa tairi lako kuna namba ndogo zimechongwa, tafuta 622. Tairi za Phoenix na baiskeli za mizigo ni 635. Tofauti milimita 13, kwa macho huioni, lakini ukiivalisha inazunguka juu ya ringi kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Rudisha, omba hela yako kwa upole. Tyubu yao lakini inaingia, mpira unanyumbulika, kwa hiyo nunua tyubu mbili. Kama tundu la vali kwenye ringi yako ni dogo, fundi alipanue kwa tupa ya mviringo. Mchano wa tairi uutilie kiraka kwa ndani: chukua tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha, ikate, ioshe, ipachike kati ya tairi na tyubu. Nimeona mtu anafika Makambako na kiraka hicho.

Spoku. Zilizokatika ni za upande wa cheni, au siyo? Upande huo ndio unakazwa kuliko mwingine, na wewe kilo 25 zote umezikalisha nyuma. Kubadilisha spoku ya upande huo lazima frewili (zile gia za meno za gurudumu la nyuma) itoke, na frewili ina spana yake. Kama fundi hana hiyo spana usimruhusu apige kwa patasi. Mwambie achukue spoku ndefu ya Phoenix, akate kichwa, akunje ncha kama herufi Z, aipenyeze kwenye tundu bila kufungua chochote. Hiyo ni panadol, siyo tiba, ila itakutembeza. Na asijaribu kunyoosha ringi kwa kukaza zile za jirani peke yake. Atakukatia ya tatu.

Magoti: kiti chako kiko chini, naapa bila kukiona. Kaa juu, mtu akushikie, pedali ikiwa chini kabisa weka kisigino. Mguu unyooke. Ukirudi kukanyaga kwa mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Wengi mnanunua mtumba na kiti mnakiacha kilivyotoka kwenye kontena.

Kijana wa Uyole

Fundi, shikamoo. Nimemulika kwa tochi ya simu. 622 kweli! Na spoku zote mbili ziko upande wa cheni. Kisigino hakigusi vizuri, goti limekunjika kama nimekaa kwenye kigoda.

Mama Mzuzu

Mwanangu, mimi nafanya biashara Mzuzu mwaka wa kumi na moja huu. Kwanza mpigie mama yako. Wengine watakwambia habari za spoku, mimi nakwambia hiyo kwanza. Ukianguka huku, wataanza kukutafuta Tukuyu.

Hela: asubuhi panda gari dogo urudi Songwe, baiskeli iache kwa fundi. Gonga muhuri wa kutoka, vuka hadi Kasumulu, laini yako itashika, toa kwa wakala, urudi kwa muhuri. Usipite njia za panya kuokoa dakika kumi, utakuja kuzilipa kwenye kizuizi cha polisi. Kubadilisha, usiwape wale vijana wanaokukimbilia ukishuka kwenye gari. Anakuhesabia mbele ya macho yako, noti zimekunjwa katikati, moja inahesabiwa mara mbili. Kwenye muhuri mpya angalia siku walizokuandikia. Viza hatuhitaji, lakini siku zinahesabiwa.

Lugha isikutishe. Wangonde wa hapo Karonga ni ndugu za Wanyakyusa, sema "ndaga" (asante) uone watu wanavyocheka na wewe. Kiswahili wazee wengi wanakisikia. Ukipanda kwa Watumbuka, shukrani ni "yewo".

Utingo Mstaafu

Barabara hiyo nimekula miaka. Kijana, malori mawili yakipishana na wewe upo, shuka kwenye lami. Usishindane. Dereva wa lori lenye tela akikukwepa, kichwa kinakukwepa, tela linakuja na akili zake. Nunua kioo cha pikipiki ufunge kulia, ni bei ya soda mbili tatu. Usiku usitembee, hata ukiwa na taa. Wewe huna hata taa, Mungu alikuwa anakuangalia tu.

Nesi Kyela

Mdogo wangu, umeandika "nikashuka ziwani kuoga" kama vile ni jambo dogo. Ziwa Nyasa lina kichocho, hasa pwani tulivu zenye majani na konokono. Usikimbilie dawa leo. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, ukimeza sasa hivi wale wachanga wanabaki wanakua. Weka tarehe, ukirudi nenda hospitali baada ya miezi miwili hivi ueleze ulioga wapi. Ukiwashwa ngozi au ukapata homa kabla ya hapo, usisubiri.

Homa yoyote njiani: pima malaria siku hiyohiyo, usiseme ni uchovu wa baiskeli. Neti unayo? Tumbo likiharibika: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko. Chumvi usizidishe.

Kijana wa Uyole

Neti sina dada. Nina blanketi.

Pilipili Mbuzi

Sufuria umebeba, neti umeacha 🤦🏾

Nilishapita Hapo

Mimi nilipanda baiskeli Mbeya hadi Nkhata Bay mwaka 2019, kwa hiyo naomba nipingane na wanaotaka kusema "rudi" na wanaotaka kusema "komaa".

Bado hujaona chochote. Karonga hadi Chiweta, kama kilomita 100, barabara inafuata ziwa na haina milima ya kutisha. Ila huu ni mwezi wa saba. Kuna upepo wanauita mwera, unatoka kusini mashariki, unaweza kuvuma siku tatu hadi tano mfululizo. Wewe unaelekea kusini, kwa hiyo unakupiga usoni. Mimi siku moja nilikanyaga mteremko kama napanda. Dawa yake ni kuondoka bado giza linafifia, saa nne au tano asubuhi uwe umeshamaliza nusu ya kazi.

Halafu Chiweta. Ziwa lipo mita 474 juu ya usawa wa bahari, Mzuzu iko kama 1,250, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unailipa pale kwenye kona za Chiweta. Nyani wamekaa ukingoni wanakuangalia. Nilisukuma karibu asubuhi nzima, na mimi sikuwa na sufuria. Kwa goti lako na spoku ya herufi Z, hapo ndipo utakapolia. Ndiyo maana nasema umebahatika kuharibikiwa Karonga. Nyumbani ni siku moja kwa gari. Ingekukuta kule Niassa, Msumbiji, ungezungumza Kireno na nani?

Kuzunguka ziwa zima kifute mwaka huu. Upande wa Msumbiji vijiji viko mbali mbali, duka la tyubu hujui utalikuta wapi, na Niassa inapakana na Cabo Delgado, mkoa wenye vita ya wanamgambo. Mwishoni mwa 2021 mashambulizi yao yaliwahi kufika hadi wilaya ya Mecula, ndani ya Niassa. Siyo njia yako hasa, lakini mtu wa kwenda huko anakuwa ameuliza kwanza, hajaona tu ndizi kwenye ramani.

Ungekuwa mdogo wangu ningekwambia hivi: pumzika Karonga siku mbili. Kuna makumbusho pale, ingia umwone Malawisaurus, dinosaria aliyechimbwa wilaya hiyohiyo. Tengeneza gurudumu, punguza mzigo, tembea hadi Chilumba, bandari iliyo kabla ya Chiweta, kwa siku mbili. Goti likikubali, panda basi Chiweta hadi Mzuzu na baiskeli juu, kisha ushuke mwenyewe hadi Nkhata Bay, kilomita kama 50. Ukiambiwa meli ya Ilala inatia nanga Chilumba, ni kweli, lakini ipo ziwani tangu 1951, uliza kwanza kama wiki hiyo inatembea. Goti likikataa, Chilumba unapanda gari la kurudi.

Komaa Nayo

Mnamtisha bure. Wamalawi wanabeba mkaa gunia tatu kwenye baiskeli isiyo na gia wanapanda hiyohiyo milima. Songa mbele kijana.

Fundi wa Mwanjelwa

Komaa, anayebeba gunia tatu ana spoku nene, keria ya nondo, na anashuka akitumia soli ya kandambili kama breki. Na amefanya hivyo tangu ana miaka kumi na mbili. Usifananishe.

Dogo, mzigo uwekeje: vizito viende chini na mbele kidogo, hata chupa mbili za maji zifunge kwenye uma wa mbele. Dumu mwachie mwenye gesti. Sufuria pia.

Kijana wa Uyole

Wakuu, mrejesho wa siku mbili.

Hela nimefuata Kasumulu kama Mama Mzuzu alivyoelekeza. Kijana mmoja kweli alinijia na noti zimekunjwa katikati, nikamwambia anyooshe moja moja, akapata simu ya ghafla akaondoka.

Fundi nimempata kupitia vijana wa kabaza, hizi baiskeli za abiria. Anafanya kazi chini ya mwembe, hana spana ya frewili, ila ana kipande cha bomba amekichonga meno mawili kwa msumeno. Alikibana, akatia spana kubwa juu, akaniambia nikalie gurudumu. Likalia "kra" nikajua nimekwisha, kumbe frewili imetoka nzima. Hakuhitaji herufi Z. Alikuwa na ndoo ya spoku kuukuu, akawa anazipima moja moja kwa kuziweka ubavuni mwa yangu, karibu nusu saa, mpaka akapata mbili za urefu uleule. Kabla ya kufunga akapitisha kidole kwenye zilizobaki, akasimama kwenye moja. Ilikuwa na ufa mwembamba pale shingoni, mimi hata nikioneshwa sikuuona mpaka alipoikunja ikakatika. Ikawa tatu. Tairi limepata kiraka cha dawa ya meno, kiti kimepanda karibu vidole vinne, mwenye duka amekubali kunibadilishia tairi kwa tyubu mbili. Neti nimenunua. Dumu na sufuria amebaki navyo mwenye gesti, nimemwambia nitapitia nikirudi.

Kesho saa kumi na moja alfajiri kwa saa zao natoka kwenda Chilumba, kwa siku mbili. Msumbiji nimefuta. Chiweta nitaiangalia kwa dirisha la basi.

Mama nimempigia. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani laini imekatika, halafu akauliza kama nimekula. Amesema nikirudi nishukie Tukuyu, nilale kwa shangazi siku mbili, kwa sababu yeye ameshawaambia watu kanisani kwamba niko kule.